Kifaru cha Mukau na Kanuni ya Sumaku

Kwa niaba ya Halmashauri ya Vielelezo vya Ukanda Mkavu, inayohudumia Kitui na Makueni kwa bidii isiyopimika, nina furaha kuutangazia umma kwamba tangu tuanze kazi, hakuna kifaru cha vita chenye ukubwa wa kiatu kilicholipuliwa na bomu la sumaku katika eneo letu. Hata kimoja. Wapo watu wasio na shukrani wanaosema hata kabla yetu hakuna kilicholipuliwa. Hao hawaelewi maana ya kinga.

Mimi ni Musyimi, Afisa Mwandamizi Msaidizi, Kitengo cha Nyuso za Nje. Kazi yangu ni kuangalia vitu kwa nje. Kwa ndani kuna kitengo kingine.

Jambo lenyewe lilianza Kanyiva, mama mmoja fundi wa kuchonga kutoka Matinyani, alipoomba kuleta kazi yake kwenye Maonyesho ya Ufundi mjini Mwingi. Kanyiva ana banda la kazi nyuma ya ofisi yetu, na utaratibu wetu ni kwamba fundi asiyeshiriki maonyesho ananyang'anywa banda. Kwa bahati nzuri, Mkurugenzi wetu, Daktari Kisilu, alikuwa ameshalitafutia banda hilo matumizi mengine, yaani kivuli cha gari lake. Mchoro ulikuwa tayari na rangi ya mlango imechaguliwa. Hiyo ilikuwa sadfa tu, na nitamshangaa atakayesema vingine.

Kanyiva akakileta mezani kifaru chake cha kuchonga, chenye ukubwa wa kiatu. Kilikuwa cha mti wa mukau, na mzinga wake, na minyororo yake, na kifuniko kidogo kinachofunguka. Mkurugenzi akakizunguka mara mbili akitafuta kasoro. Alipoikosa, akatoa simu, akasoma kidogo.

"Vifaru vya zamani vilipakwa kitu cha mistari mistari," akasema, "ili bomu la sumaku lisishike. Hiki hakina. Hiki ni hatari kwa umma."

"Mkubwa, hii ni mti," Kanyiva akasema. "Sumaku itashika mti aje?"

"Musyimi, mweleze."

Nikamweleza. "Mwaitu, mama yetu, usalama hauulizi kama kitu kinaweza kutokea. Usalama unauliza kama fomu imejazwa."

"Na hiyo bomu italetwa na nani hapa Mwingi?"

"Hiyo ni siri ya adui."

"Asi!" akasema, akanitazama vile mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Tukaunda kamati ya watu kumi na mmoja. Kamati ikazuru Makueni kuona ukuta uliopigwa plasta, ikazuru Nuu kuona ukuta usiopigwa, ikarudi na pendekezo. Kifaru kipakwe mpako usioshikwa na sumaku, wenye mistari mia nne na kumi na mbili, kina cha nusu milimita, ndani ya siku tatu. Mwenye kuuliza idadi hiyo ilitoka wapi ajue kwamba ndiyo iliyokuwa namba ya chumba cha mwenyekiti kule hotelini.

Mimi nikateuliwa kusimamia. Kanyiva alichekecha unga wa mbao kwa kitambaa, akauchanganya na gundi ya maseremala mpaka ukawa puti laini. Akaipaka sehemu ndogo kwanza, upana wa vidole viwili, akangoja. Ikiwa mbichi sana mstari unajifunga, na ikikauka inapasuka. Kisha akachukua bisibisi ndogo ya kutengenezea miwani, akailowesha maji isinate, akaanza kukandamiza mstari mmoja mmoja, mfupi, umelala sambamba na mwenzake.

Niseme ukweli, nilipenda. Siku ya pili nilisahau kunywa chai. Mgongo ulimuuma, akawa anajinyoosha na kurudi, na kila aliporudi mkono ulikuwa uleule. Pembeni, karibu na gurudumu la mbele, aliacha sehemu imebanduka kwa makusudi, ionekane kama imegongwa na risasi. Ilipendeza sana. Nikaandika kwenye ripoti: uharibifu wa mali kabla ya vita.

"Afisa," akaniuliza bila kuinua kichwa, "nikimaliza hii yote, banda yangu itabaki?"

Nikamwambia suala hilo ni la ndani, nami ni wa nje. Nilijionea aibu kidogo, lakini nikaendelea kuhesabu. Ilitimia mia nne na kumi na mbili.

Siku ya maonyesho ikafika. Sumaku tuliiazima kwa Abdisalam, mwenye duka la spea za redio kando ya barabara ya Garissa. Ilitolewa kwenye spika ya lori, nzito kama jiwe la kusagia pilipili, na aliileta mwenyewe ikiwa imefungwa kamba. Akaining'iniza juu ya kifaru mbele ya umati. Haikutikisika.

"Pima tena," Mkurugenzi akasema. "Huko chini lazima kuna misumari."

"Ni vijiti, mkubwa," Kanyiva akasema. "Geuza uone."

Kikageuzwa, kikapimwa chini. Hakuna kitu. Watu wakaanza kupiga makofi, na Mkurugenzi, ambaye hapendi makofi yasiyo yake, akapanda jukwaani.

"Isije ikasemwa tunamwonea mama huyu! Kuanzia sasa, kila kinachoingia kwenye hema hili kitapimwa. Kikinaswa na sumaku, mwenyewe atabaki nje, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Hakuna aliye juu ya sheria! Musyimi, andika!"

Nikaandika, nikapiga muhuri papo hapo, kwa sababu muhuri hulala mfukoni mwangu. Mkurugenzi akashuka, akainama mwenyewe kukikagua kifaru. Sumaku, iliyokuwa bado inaning'inia kwenye kamba ya Abdisalam, ikayumba, ikaruka, ikagonga kifua chake, ta! Ikang'ang'ania Medali ya Dhahabu ya Uadilifu, aliyotunukiwa mwaka jana na kamati aliyoiongoza mwenyewe.

Abdisalam akavuta kamba. Mkurugenzi akaja nayo.

"Wallahi, dhahabu haishikwi na sumaku," Abdisalam akasema kwa upole. "Hii ni chuma imepakwa rangi."

Naibu Mkurugenzi, Bwana Nzomo, akaanza kurekebisha tai yake, macho yakiwa kwenye kiti cha Mkurugenzi.

"Musyimi," Mkurugenzi akaninong'oneza, "futa ile kanuni."

"Mkubwa, ina muhuri."

"Basi naivua hii medali."

"Kuivua ni kukiri. Kanuni zetu zinatambua tiba moja tu, nayo ni mpako."

Mgeni wa heshima wa kufungua maonyesho alikuwa njiani, ameshapita Matuu. Mkurugenzi akamgeukia Kanyiva, jasho linamtiririka. "Mama, ile puti ilibaki?"

"Iko," Kanyiva akasema. "Lakini pahali pa kuchanganyia sina. Nasikia banda ni ya gari."

Barua iliandikwa juu ya mgongo wangu. Banda ni la Kanyiva, leo na siku zote, na gari la Mkurugenzi litafute mti. Mkurugenzi akatia sahihi, nami nikapiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kanyiva akaisoma yote, polepole, akarudi mwanzo akaisoma tena, akaikunja na kuitia kifuani.

Kisha, Abdisalam alipokwisha kuibandua sumaku, akachanganya puti, akaipaka medali ikiwa bado kwenye koti la Mkurugenzi, akalowesha bisibisi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika arobaini, msafara wa mgeni ukaingia uwanjani na ving'ora vyake, na Mkurugenzi akataka kukimbia kuupokea.

"Bado mbichi," Kanyiva akasema, akamshika bega. "Geukia jua, mkubwa. Na usipumue sana, itapasuka."

Mkurugenzi akageuka.