Malalamiko Kuhusu Kidonge cha Alfajiri

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi ya jua kali. Nimevaa sweta mbili.

Kwa Daktari wa Kliniki ya Tezi,

Pokea heshima zangu. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemwambia kuwa tezi yake ya shingoni imezembea kazi, na kwamba atameza kidonge kila alfajiri kabla ya chai, maisha yake yote. Nimekiacha kwa wiki saba sasa, na nina haya ya kulalamika:

1. Hukuishirikisha familia. Wifi yangu anaongoza kundi letu la simu lenye watu sitini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekubaliana na kipimo chako cha damu. Uko peke yako.

2. Wifi alinitumia ujumbe wa sauti: "Wifi yangu wee, vidonge hivyo vitakufanya teja! Tezi inataka kukandwa mafuta tu, basi!" Ujumbe ulikuwa wa dakika kumi na moja. Wewe ulinieleza kwa dakika nne. Nani anayenijali zaidi?

3. Kila nikishakandwa napima shingo kwa futi yangu ya kazini na kuandika kwenye shajara. Imepungua nusu inchi. Fundi mwenzangu anadai naikaza futi. Bila shaka umemtuma wewe.

4. Sauti imekuwa nzito, uso umevimba, nywele zinabaki kwenye kitana, na juzi nilimshonea bibi harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Kundi limethibitisha kuwa hiyo ni sumu ya vidonge vyako inatoka. Kadiri ninavyoumwa ndivyo ninavyopona. Kwa hesabu hiyo, siku nitakayozimia nitakuwa mzima kabisa.

5. Naomba uliombe radhi kundi kwa maandishi, na ufunge kliniki mpaka upate wafuasi wengi kuliko wifi.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama wa dirisha la dawa aliyeniuliza mara mbili kama nimeelewa.

Ni mimi, ninayepona kwa kasi,
Fundi wa magauni

Nyongeza: Hapo juu wifi amesoma na kupitisha. Hapa hajasoma. Leo nimemkuta akimeza kidonge cha presha, ulichomwandikia wewe miaka tisa iliyopita. Nilipomtazama akasema, "Hiki ni tofauti, wifi. Hiki nikiacha nitakufa." Kesho nakuja kupimwa damu, na tafadhali niandikie vidonge vyangu. Nisipofika, tuma mtu aje kuniamsha. Jana nililala saa kumi alasiri, mguu ukiwa bado juu ya pedeli ya cherehani.