Mguu Wangu Hauna Korona

Jumatatu, 5 Oktoba 2020

Oyler, mpigaji wetu wa kwanza, amejitoa! Kasimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, machozi yanalowanisha barakoa, akasema baba yake ni mgonjwa wa moyo, wanaishi nyumba moja, hawezi kumpelekea korona kwa ajili ya mpira. Nikainamisha kichwa kwa huzuni. Barakoa ni kitu kizuri. Huficha meno.

Miaka minne nimekaa benchi nikimtazama akipitisha kwa teke mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, kati ya nguzo. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Jumamosi, dhidi ya Holt Valley, napiga mimi! Bibi Ardith, ninayekaa kwake, ameshainyoosha jezi. Kauliza kama ni salama. Nimemweleza: korona huingilia puani, mimi napiga kwa mguu.

Jumatano, 7 Oktoba

Uonevu! Kila anayekanyaga uwanjani lazima avae kidude mkononi kinachorekodi amekaa karibu na nani. Ukikaa na mgonjwa, wiki mbili ndani. Na leo ni sherehe ya binamu yangu Lyle! Kocha kaapa: atakayekwenda kwenye sherehe yoyote amwachie viatu.

Dawa nimeipata. Kidude nimekifunga kwenye pembe ya Jenerali, beberu anayeitangulia timu yetu uwanjani. Analala peke yake, hana marafiki. Kwenye kompyuta ya daktari wa timu nitaonekana mtu mwenye nidhamu kuliko wote Nebraska.

Ijumaa, 9 Oktoba

Marlys, msichana anayemtunza Jenerali, ana korona! Na juzi beberu alivimbiwa, yeye akalala naye bandani hadi asubuhi, kidude chake mkononi. Daktari Vang kasoma rekodi mbele ya timu nzima: nimelala ubavuni kwa Marlys. Miluzi! Kocha kauliza nilikuwa natafuta nini kwenye nyasi za mbuzi. Nikitaja sherehe, viatu vimekwenda. Nikasema nampenda sana Jenerali. Marlys, kwa simu, kasema yeye hakuniona, labda nilikuwa upande wa mkia.

Wiki mbili! Kisa, tumbo la mbuzi!

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimefungiwa chumba cha chini. Bibi kaniwekea mlangoni bakuli la chili, mchuzi wa nyama na maharage, na andazi la mdalasini, kama kila siku ya mechi. Nikamlalamikia kupitia mlango kwamba kasahau mdalasini. Kisha akasema nifungue dirisha, anampigia daktari.

Lyle naye kapiga simu, anakohoa. Kaniimbia sikioni sherehe nzima, leo ndiyo ananiambia anaumwa!

Kwenye televisheni, mpigaji wa tatu kapiga. Katikati ya nguzo. Palepale ambapo ningepitisha mimi!

Jumatano, 28 Oktoba

Nimepona. Bibi kasalimika, hakuambukizwa. Ila nimepanda ngazi za zahanati nikahema kama mbwa wa kuwinda. Daktari Vang kasema ugonjwa huu huweza kuvimbisha moyo, mchezaji akaanguka uwanjani asiinuke. Nisiguse mpira mpaka moyo upigwe picha hospitali ya mjini. Oyler naye kanipigia: kaka, usifanye mzaha, mimi namsikia mzee wangu akitafuta pumzi kila usiku. Eti! Aliyekimbia uwanja ndiye wa kunishauri! Moyo unahusiana nini na mguu?

Jumamosi kuna mechi. Lyle kakubali kulala kwenye mashine kwa jina langu. Kimo kimoja, pua moja, na barakoa itamalizia. Hospitali hawatujui. Ana moyo wa farasi huyo! Jana katoka chumbani kwangu hadi jikoni kwa Bibi, na ngazini kapumzika mara mbili tu.