Mashine ya Magoti Yazinduliwa Kigongo

Waheshimiwa mliopo, waheshimiwa mlioko njiani, waheshimiwa mliotuma udhuru, wazee wetu shikamooni, wachungaji, wanakwaya, wakaushaji dagaa wote wenye magoti mabovu, na wewe Mama Paskazia, uliyenipokea kwa kupiga magoti kama mila yetu inavyotaka na ambaye naona mpaka sasa hujanyanyuka: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, ofisi ya diwani wenu, yaani mimi, kwa kushirikisha mastekaholda wote, ambao pia ni mimi, ilifanya tathmini shirikishi na kubaini kwamba asilimia sitini na moja nukta nne ya magoti ya mwalo huu wa kushushia dagaa yanauma, na kwamba kila mgonjwa anayo mawili. (Kicheko.) Nilihudhuria semina nne kuhusu goti, mbili zikiwa za goti la kulia peke yake. Ndipo pale Misungwi, nikisubiri samaki wangu aive, nikachora kwenye karatasi ya kufutia mikono mashine ambayo mgonjwa anaikalia, goti halibebi uzito, anazungusha pedali polepole mpaka maumivu yenyewe yanakata tamaa. Dizaini imekamilika. Karatasi ninayo. (Vigelegele.)

(Mama Paskazia: “Mheshimiwa, dagaa wangu nimewaacha juani. Mwaka wa pili huu siwezi kuchuchumaa kuwaanika. Nimekuja kufanya hilo zoezi. Mashine iko wapi?”)

Swali zuri sana, mama. Endelea kubaki hivyo hivyo, mpiga picha hajamaliza. Mashine iko hapa, chini ya kitambaa, na sasa naifunua rasmi. (Makofi. Halafu minong’ono.) Mnachokiona kinafanana na baiskeli iliyopandishwa juu ya mawe. Hiyo ndiyo ergonomia, yaani sayansi ya kukaa bila kuumia. (Sauti: “Hiyo ni ya Yeremia muuza mikate.”) Yeremia, kaa chini, utaipata hotuba ikiisha.

Goti imara! (Imara.) Mwalo imara! (Watu wanaitazama baiskeli.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kwaya kwa kitambaa, Yeremia kwa uzalendo, nanyi nyote kwa kuacha kazi zenu na kushuhudia uzinduzi wa mashine ambayo, Mungu akipenda, wiki ijayo tutaanza kuulizia nani anaweza kuitengeneza. Wanakwaya, tafadhali mnyanyueni Mama Paskazia. Taratibu. Hapana, msimkalishe kwenye mashine. Yeremia ameshaondoka nayo.