Bastola ya Kumshinda Shemeji

Jumatatu, 9 Septemba

Klabu yetu ya shabaha inakwenda kushindana Tulsa. Nafasi moja tu imebaki kwenye timu. Royce, kaka wa mke wangu Darla, anaamini ni yake. Anatumia bastola ya risasi nene, namba arobaini na tano, na lazima kila mtu ajue. Mimi nina ya milimita tisa. Royce huiita kiberiti. Basi! Leo nimenunua ya arobaini na nne magnum. Nilisita kidogo, maana arobaini na nne ni pungufu ya arobaini na tano. Muuzaji akaniapia kwamba teke lake ikilia ni kubwa zaidi. Akauliza inakaaje mkononi. Swali la ajabu. Nikamwambia naangalia inavyokaa machoni pa watu.

Jumatano, 11 Septemba

Mazoezi. Nimefyatua mara sita. Kwenye karatasi yangu, hakuna tundu hata moja. Kwenye karatasi ya Royce, risasi yangu moja, katikati kabisa. Akanishukuru. Kocha wetu, Bi Lorene, dereva mstaafu wa basi la shule, akasema nafumba macho na kujikunja kabla haijalia. Nirudi kwenye ya milimita tisa, mkono wangu unaimudu. Nikamwambia mkono hauna neno, shida ni upepo. Royce akadakia: "Shemeji, hiyo bastola au mzinga? Tukutafutie magurudumu?" Watu wakacheka. Hata mchungaji wetu, naye mwanachama!

Alhamisi, 12 Septemba

Kiganja kimevimba. Kikombe cha kahawa hakishikiki. Darla kanikatia nyama vipande vidogo vidogo. Akaomba aichukue ile ya milimita tisa, maana imekaa bure kabatini. Nikamruhusu. Ile ni saizi ya kina mama.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata dawa. Kinachonikunja si teke, ni mlio! Kwa hiyo pamba masikioni, vizibo vya mpira juu yake, kisha vile vifuniko vikubwa vya masikio. Nimejaribu jikoni. Darla aliongea dakika kumi, sikusikia neno. Mafanikio makubwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Mashindano ya kugombea ile nafasi. Raundi ya kwanza sikusikia amri ya kuanza. Nilisimama kimya mpaka mwisho, nikidhani wenzangu wanaomba dua. Raundi ya pili nilifyatua moja. Bastola ikaruka, ikanigonga kwenye paji la uso. Nilipofumbua macho, Bi Lorene alishaniondolea silaha, ananionyesha vidole, anauliza ni vingapi. Nikajibu arobaini na nne.

Kumbe Darla naye alijiandikisha. Anadai aliniambia juzi na jana, jana ikiwa jikoni. Akampita Royce kwa pointi mbili. Nafasi ya Tulsa ni yake. Tulipokula baadaye, Royce hakugusa hata mbavu za kuchoma. Ushindi huo nauhesabu kuwa wangu.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani watu walimpongeza Darla, kisha wakaja kutazama nundu yangu. Bi Lorene akanishika bega: "Verlin, mwanangu, umeona sasa? Chukua unachokimudu." Nikamwambia nimeona, na nimeelewa kabisa.

Kutoka hapo nikapitia na Darla dukani kwa yule muuzaji. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde umekaribia. Muuzaji alinishauri nianze na upinde laini, kwa ajili ya kiganja. Nikamuuliza muuzaji, upinde wa Royce una mvuto wa ratili ngapi. Sitini na tano.

Nimechukua wa themanini. Darla ndiye aliyeubeba hadi garini.