Rakia ya Harusi ya Grozdana

Jumatatu, 15 Septemba

Plamu zimechacha! Ua mzima unanukia, nyigu wanayumba. Jumamosi binti yetu Grozdana anaolewa, nami nimeshawatangazia wakwe kwamba watakunywa rakia, ile pombe kali ya matunda, ya mikono yangu. Kwamba sijawahi kutengeneza hata tone, hilo sikulitangaza. Mke wangu Stamena ameuliza kwa nini tusichukue kwa jirani Tihomir, ambaye rakia yake inasifiwa bonde zima. Nimemwambia mtu aliyepanga barua za posta maisha yake yote hashindwi na sufuria. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne

Nimewasha moto chini ya mtambo wa shaba wa kutoneshea pombe. Kifuniko nimekiziba kwa donge la unga. (La mkate wa Stamena. Ameshagundua.) Tihomir akaegemea ua. "Punguza moto, jirani. Plamu hazitaki pupa." Wivu mtupu! Nikaongeza kuni. Donge likapasuka, mvuke ukanipiga usoni, plamu zikagandia chini. Kilichotoka kinanuka jamu iliyoungua. Nyusi ya kushoto sina.

Jumatano

Nimeitonesha upya ili harufu iondoke. Haikuondoka. Imekuwa kali zaidi. Yale maji yanayotoka mwanzo ni sumu, hayanywewi, hilo najua hata mimi. Stamena kayasafishia madirisha. Tihomir kapita, kasema hajawahi kuona madirisha yaking'aa hivyo, huenda nimepata biashara. Mbwa wetu kanusa glasi yangu, kahamia kwake.

Ijumaa

Chupa zimejaa. Stamena kanitaka ninywe glasi moja bila kukunja uso. Nimemwambia huo ni uso wa furaha. Kaniangalia kwa huruma, kisha kanituma mjini nikanyolewe. Sijui kwa nini leo leo.

Jumapili

Harusi jana! Mkwe Obren, baba wa bwana harusi, mtu asiyesifu hata supu ya mama yake, alikunywa, akafumba macho, akaomba nyingine. Machozi yalinitoka. Nikajimiminia nami. Mungu wangu! Ya Tihomir!

Nikamvuta Stamena jikoni. Akakiri. Nilipokuwa kwa kinyozi, Tihomir alileta ile aliyoiweka tangu mwaka aliozaliwa Grozdana, wakabadilisha chupa zote. "Kasema mtoto kakulia uani kwake pia. Hataki baba yake aaibike."

Nilitoka nimwambie kila mtu ukweli. Nilikusudia, kabisa. Lakini Tihomir alikuwa amesimama juu ya benchi, glasi juu: "Kwa mikono ya jirani yangu Radojko!" Watu wote wakasimama. Grozdana akanibusu. Nikamkumbatia Tihomir mpaka akasema, "Taratibu bwana, mbavu zangu!"

Jumatatu, 22 Septemba

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa la plamu. Mapea ndiyo yanayonifaa. Nimeshamwahidi Obren rakia ya mapea kwa ubatizo wa mjukuu wa kwanza. Grozdana anasema hana hata dalili ya mimba. Vizuri, kuna muda.

Mchana nimekwenda kumweleza Tihomir, kwa upole, anapokosea kwenye suala la moto: anauogopa mno. Amenisikiliza kwa adabu kubwa, huku akihamisha majani yake makavu, robota moja moja, mbali na ua wangu.