Mikebe Miwili ya Mifupa ya Bahari

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024
Kazi imekamilika! Wiki tatu nimeloweka, nimechemsha, nimeanika na kutwanga mifupa ya makayabu, samaki wa chumvi wa baharini, niliyoagiza kwa Kasika, mchuuzi wa Beni. Matokeo: unga mweupe, laini, wa kuimarisha mifupa ya watoto. Jumamosi kituo cha afya cha hapa Mususa kitachagua kirutubisho cha uji wa watoto. Ombi la Heshima liko tayari. Nakala tatu, pamoja na muhuri niliouchonga kwa kiazi. Mke wangu Kavuo ametoa sharti: nikikataliwa, jiko linarudi kwake, nami nakwenda Masereka kwa baba yake kulima viazi. Mimi! Mtu wa kalamu!

Jumanne, tarehe 5
Mama Jokébed, jirani auzaye uji wa soya, amekuja kuazima ungo. Ungo anao. Nimeuona. Alisimama mlangoni akinusa, akaniuliza: "Papa Gamaliel, huku kunanuka bahari. Ulishaka kuiona, bahari?" Nilimjibu kwamba suala hilo halimo katika ombi langu. Alicheka mpaka barabarani. Naye atashindana Jumamosi. Huu ni upelelezi.

Jumatano, tarehe 6
Mtego umewekwa. Nimetwanga mifupa mingine bila kuiloweka, chumvi yote ndani, nikaijaza katika mkebe wa maziwa unaofanana kabisa na ule nilioutilia unga safi. Kwa macho, hakuna tofauti. Mkebe wa unga safi nimeubandika karatasi: BANDIA. Mkebe wa chumvi: HALISI. Mwizi na aibe, kisha aaibike mbele ya umma.

Alhamisi, tarehe 7
Mama Jokébed amenisalimu: "Courage kwa Jumamosi, papa!" Mshindani anitakie heri? Basi ametambua mtego. Nimezibadilisha karatasi. Baadaye nimemwona akitoka jikoni kwetu na kikombe kilichofunikwa kwa sahani. Kavuo amesema ni mambo ya majirani. Majirani! Nimezibadilisha tena.

Ijumaa, tarehe 8
Nimebadilisha asubuhi. Au hiyo ilikuwa jana? Idadi sikuiandika, kwa sababu za usalama: hata daftari hili laweza kusomwa. Kavuo amejitolea kuonja mikebe yote miwili. Nimekataa. Aliyetoa kikombe hawezi kuwa shahidi.

Jumamosi, tarehe 9
Maafa! Nilisoma ombi kwa dakika kumi na mbili. Mtawa Josée, msimamizi wa lishe, akaonja uji wangu kabla ya watoto. Akashika meza. Akanywa maji, vikombe vitatu. Kisha: "Mais papa, umetuletea bahari muzima!"

Ukaja uji wa Mama Jokébed. Watoto wakalamba sahani. Mtawa akauliza siri yake. Yule mama akasimama mbele ya wote: "Ni soya yangu na poda ya Papa Gamaliel. Mama Kavuo alinipatia kikombe, nijaribu kama binapatana. Mwenye akili ni yeye, hapana mimi."

Nilimgeukia Kavuo: aliujuaje mkebe? "Mimi hapana soma bikaratasi. Nilitia kidole, nikalamba."

Mtawa ameamua: Jumatatu nilete unga ule ule, soya ya jirani na mifupa yangu vijaribiwe pamoja mwezi mzima. Ikifaulu, Beni nao watapelekewa. Nikileta chumvi tena, ombi litafungwa.

Jumapili, tarehe 10
Nimetafakari misa nzima. Kwa nini anisifu hadharani? Kuna jambo. Kavuo amenitayarishia kidole chake; amesema dakika moja inatosha. Nimemkatalia kwa maneno ya heshima, kwa kuwa ana uhusiano na upande wa pili.

Hatimaye nimegundua kosa langu. Karatasi! Karatasi ndizo zilizowasaidia! Nimezibandua zote. Nimeongeza mkebe wa tatu, wa majivu ya jikoni. Kisha nimefumba macho nikaichanganya yote mitatu, ili hata nikihojiwa nisiweze kuitoa siri.

Kesho nitabeba mmoja.

Kavuo amempigia simu baba yake, mzee Salomon, kule Masereka. Nimesikia wazi neno "jembe". Kumbe mzee naye anautaka unga wangu.