Injini Isishike Kutu, na Mimi Je?

Kiwanja cha Ndege cha Otter Prairie,
Minnesota.

Kwako Ndugu Mhariri wa jarida la klabu yetu ya marubani,

Salamu nyingi kutoka kwa akina Tveit. Natumaini u mzima, na mkeo Joyce, na goti lake pia. Mimi ni mzima kwa nje. Kwa ndani siwezi kusema, kwa kuwa hakuna aliyenikagua tangu mume wangu Merle astaafu kazi ya posta akanunua ile ndege ya viti viwili.

Nalalamikia makala ya fundi Arvid uliyoichapisha, "Kutu Huanzia Ndani". Merle ameibandika kwenye friji, mahali palipokuwa na picha yetu ya harusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo bandani na kina propela. Malalamiko yangu ni haya:

1. Arvid anadai injini isiyoruka huota kutu, maana oili huteremka chini na kuacha vyuma uchi mbele ya unyevu. Dawa yake ni kuirusha saa nzima kila wiki, oili ipate moto sawasawa, maji yatoke kama mvuke. Basi kila Jumamosi Merle huruka hadi Bemidji kula chapati za maji na marubani wenzake. Nikiuliza, hujibu kwa uso wa msiba, "Mama, mimi sipendi hata kidogo. Ni kwa ajili ya injini." Hurudi na asali ya chapati kwenye masharubu.

2. Baridi ikianza, injini hufunikwa blanketi. Blanketi lenyewe ni lile alilonishonea marehemu mama yangu. Mimi nalala na soksi.

3. Siku moja ya mvua nilimshauri aiwashe tu pale chini dakika kumi, aizime, arudi tule. Ndugu Mhariri, alinitazama kama niliyemtukana askofu. "Lorna, hivyo ndivyo inavyouawa! Dakika kumi inatoa jasho tu humo ndani, haipati moto wa kulikausha. Afadhali usiiguse kabisa!"

Nikaenda kuosha vyombo, na huko jikoni nikaanza kuwaza. Merle huingia nyumbani, "Hujambo, kuna kahawa?", dakika kumi, kisha huyoo bandani. Kwa elimu ya Arvid, mimi nawashwa na kuzimwa pale chini tangu binti yetu wa mwisho aolewe. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

4. Injini ya kulala muda mrefu, anasema Arvid, itolewe plagi za kuwashia na itiwe vizibo vyenye chembe za kukausha unyevu. Zikiwa kavu ni za bluu. Zikilowa hugeuka waridi, na mwenye injini ajue kuna shida. Tulipokuwa Arizona kwa dada yangu, Merle alimpigia Arvid kila asubuhi: "Vipi, bado bluu?" Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu nilivaa gauni la waridi kutoka shingoni hadi miguuni. Hakuuliza kitu.

Kwa heshima zote, naomba klabu iamuru injini hiyo ijazwe oili ya kuhifadhia, izibwe ekzosi na kila tundu, ilale moja kwa moja. Hilo likishindikana, azibwe Merle.

Nisalimie Joyce, wanaklabu wote, na mbwa wa kiwanjani. Arvid msalimie kidogo.

Wako mwenye unyevu,
Lorna Tveit

Tanbihi: Niliiacha bahasha mezani bila stempu, na Merle, mtu wa posta hata baada ya kustaafu, hawezi kuipita bahasha ya namna hiyo. Aliisoma. Jumamosi alikuja mlangoni na koti langu mkononi: "Twende, Lorna. Oili imeshapata moto." Aliongea njia nzima hadi Bemidji, mpaka nikamwomba atazame mbele. Tafadhali usiichapishe barua hii. Blanketi libaki kwa injini. Ila mwambie Arvid asahihishe makala yake: saa moja haitoshi. Aandike mbili.